Mzee Upepo na Gunia

Watoto wa mtaa ndio waliompa jina la Mzee Upepo. Jina lake lenyewe limeandikwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kiko chini ya godoro. Hakuna anayekiulizia.

Kazi yake ni viyoyozi na dari. Haviuzi wala havifungi. Anavisafisha. Anatoa majani makavu, vumbi, viota, manyoya, na kila kilicholetwa na upepo bila kuitwa. Kiyoyozi kina vipande viwili. Cha ndani kinapuliza ubaridi, cha nje kinatema joto. Cha ndani watu wanakifuta kila wiki kwa sababu wageni wanakiona. Cha nje hakikumbukwi mpaka kinyamaze.

"Ni kama kisigino," huwa anawaambia wateja. "Uso unaupaka mafuta kila siku. Kisigino unakikumbuka siku kimepasuka."

Juu ya dari ndiko kubaya zaidi. Bati likiinuka kidole kimoja tu, majani yanaingia. Majani yakiingia, panya anaona kitanda. Panya akiona kitanda, anaoa. Mwaka ukigeuka una ukoo mzima juu ya kichwa chako, na kodi unalipa peke yako.

Miaka thelathini na minne aliifanya kazi hiyo na mkewe. Kila kilichokuwa juu ya ngazi kilikuwa cha mume. Kila kilichokuwa chini kilikuwa cha mke. Hawakukaa kikao. Ilikuja yenyewe, kama kichochoro kinavyojichora pale watu wanapopita. Mume alipanda, akafagia dari, akazibua mifereji ya maji ya mvua, akaziba matundu kwa wavu wa waya. Mke alishika ngazi, akakunja mpira wa maji, akazungumza na mwenye nyumba. Tena yeye ndiye aliyekuwa na gunia.

Hilo la gunia lifahamike vizuri. Majani yakisukumwa kutoka juu, lazima yaanguke. Na kile kipande cha nje cha kiyoyozi mara nyingi kimewekwa chini ya ukingo wa paa, mdomo wazi. Takataka zikishakiingia, kuzitoa katikati ya vibati vyembamba vilivyopangana ndani yake ni kazi ya kuchambua mchele gizani. Basi mkewe alizima swichi kubwa, akakifunika gunia nene. Kazi ikiisha alilitoa, akalikung'uta, akalikunja mara nne, akalitia kapuni. Mume hakuligusa hata siku moja. Muda huo yeye bado yuko juu na msumari wa mwisho, na chini anasikia sauti:

"Aliye juu mngoje chini! Mimi nakungoja, lakini chungu changu kiko motoni, hakingoji mtu!"

Homa ilimchukua mama huyo kwa siku nne. Siku ya tano nyumba ikawa kubwa.

Ngazi ililala ukutani miezi mitano. Wateja walipiga simu, akawaambia kesho. Si njaa iliyomrudisha kazini. Binti yake alimlisha vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba nyumbani kila kitu kilikuwa cha chini. Sufuria, ndoo, ufagio, kigoda. Vyote vya mkewe. Akikaa anakaa katikati ya vitu vyake. Mahali palipokuwa pake yeye mwenyewe ni kule juu tu, na kule juu alikuwa hapandi.

Asubuhi moja akaishusha ngazi ukutani, akaanza kuifuta vumbi. Binti yake akamkuta.

Binti ni mtoto wake wa pekee. Anauza dawa dukani, na kazi hiyo imemzoeza kumhoji mtu kabla hajampa kitu.

"Baba, nani atakushikia ngazi?"

"Ukuta."

"Ukuta una mikono?"

"Umeniona nimeanguka?"

"Hujaanguka kwa sababu hujapanda."

Mzee akaendelea kufuta. Binti akachuchumaa mbele yake.

"Haya, panda. Sikukatazi. Lakini tuwekeane neno. Siku utakayoharibu kazi ya mtu, siku hiyohiyo ngazi inashuka na haipandi tena. Sitangoja uvunjike kiuno ndipo nijue umechoka."

"Sawa."

"Sawa ya nini? Sema yote."

"Nikiharibu kazi ya mtu, naacha."

"Na mimi nitajuaje?"

"Nitakwambia mimi."

Binti akaridhika. Baba yake haongei sana, lakini neno lake ukilipokea unaweza kulala.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Cherehani. Anashona nguo nyumbani kwake, sebule nzima ni vitambaa, na nyuma ya nyumba jirani ana mti mkubwa uliolala juu ya paa lake kama mlevi. Kila ukitikisika unamwaga majani. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, naye alikuwa na wateja watatu wa kupimwa, kila mmoja anataka aonekane mwembamba.

"Fundi, pole na msiba," alisema, pini mdomoni. "Pita nyuma. Huko juu kuna kitu kinakimbia usiku kwa viatu."

Mzee akapita nyuma. Akazima swichi kubwa. Akasimama mbele ya kile kipande cha nje, akalitoa gunia kapuni, akalikunjua. Mara ya kwanza. Lilikuwa bado na mikunjo minne. Akalifunika, akalivuta pembeni mpaka likakaa. Kisha akaegemeza ngazi, akaitikisa mara mbili, akapanda.

Na huko juu, jamani, alifurahi. Aliinua ubao wa dari ukingoni mwa paa, akaingiza kichwa na tochi, akaona majani yamejaa kama shuka la kifalme. Harufu ileile. Joto lilelile. Akajiona yuko kwake. Alifagia, akajaza viroba vinne. Kwenye kona akakuta kiota cha panya kilichofumwa kwa nyuzi za Mama Cherehani: nyekundu, njano, buluu, na kipande cha lesi nyeupe juu yake kama pazia. Akacheka peke yake. Hata panya wa nyumba hii wanavaa vizuri.

Akaziba pengo la bati kwa wavu. Akazibua mfereji. Akapiga msumari wa mwisho, akashuka, akabeba viroba, akanawa mikono. Swichi akairudisha. Umeme bado.

"Ukirudi, washa tu," akamwambia Mama Cherehani.

"Nitawasha! Mungu akubariki, fundi!"

Akaenda zake na ngazi begani anapiga mluzi. Jirani mmoja akamwambia mwenzake, "Umemsikia Mzee Upepo? Amerudi."

Kesho yake saa sita mchana alikuwa mezani na shemeji yake.

Huyu shemeji ni dada mdogo wa mkewe. Alikuwa mpishi wa hospitali, amestaafu. Alikuja msibani kukaa wiki mbili kwa binti wa dada yake, na huu ulikuwa mwezi wa sita. Kila mchana anamletea mzee chakula, halafu anakaa ahakikishe kimeliwa. Mdomo wake una gia nne na hauna breki.

"Kula, shemeji. Umekonda kama kijiti cha kiberiti. Ukipanda ngazi leo, ngazi haitajua kama kuna mtu."

Simu ikalia. Mzee akaiweka sikioni, kisha akaiondoa kidogo, maana haikuhitaji kuwa karibu.

"Fundi! Nilikuomba unisafishie kiyoyozi, wewe umeniletea jiko! Kimepuliza ubaridi dakika kumi, kimekata! Nimekiwasha tena, kimekata! Nina gauni la bibi harusi hapa, jeupe, na mimi natiririka jasho kama bomba! Tone moja likidondoka hapa, harusi ni keshokutwa, nitaolewa mimi badala yake!"

Mzee akasimama. Kijiko kikabaki kwenye sahani.

"Nani amekufa?" shemeji akauliza.

"Kazi yangu," akasema, akaitia ngazi begani.

Shemeji akafunga kitambaa kichwani, akamfuata. Hakuombwa.

Mama Cherehani aliwafungulia akiwa na taulo shingoni. Gauni limening'inizwa katikati ya sebule, limefunikwa shuka, kama mgonjwa. Kiyoyozi kimya. Mzee alifungua kile cha ndani, akatoa machujio, akayaangalia kwenye mwanga. Safi. Akagusa bomba. Akasikiliza. Akaomba kigoda, akachungulia nyaya. Nzima.

"Ni huko juu," akasema. "Labda nimekanyaga waya."

Akatoka nyuma, akazima swichi, akaegemeza ngazi, akapanda. Shemeji alisimama chini kivulini, karibu kabisa na kile kipande cha nje, amejishika kiuno.

Juu ya dari mzee alitafuta kila waya kwa kidole. Alipapasa kila mbao. Akatambaa mpaka kona ya panya. Hakuna. Jasho likamwingia machoni. Kiunoni kukaanza kuuma, na maneno ya binti yakaanza kuzunguka kichwani kama nzi. Siku hiyohiyo ngazi inashuka. Akatambaa tena, mara ya pili, palepale alipotoka.

"Shemeji!" sauti ikaita chini.

"Subiri."

"Shemeji, nina swali."

"Subiri, nimesema!"

"Haya, nasubiri. Mimi si fundi. Mimi nimepika uji miaka ishirini na tisa. Nauliza tu kwa ujinga wangu. Hii mashine ya huku nje, kuvikwa gunia ndiyo dawa?"



Mzee akatoa kichwa kwenye uwazi wa dari. Akatazama chini. Gunia lilikuwa palepale, limekaa vizuri, pembe zimevutwa. Alikuwa amelipita mara mbili na ngazi begani. Alikuwa ameweka mguu wa ngazi hatua moja kutoka hapo. Macho yake hayakuliona, kwa sababu katika miaka thelathini na minne, kazi ikiisha, gunia halikuwapo.

Alishuka taratibu. Akasimama mbele yake mikono imelegea.

"Lilikuwa la dada yako," akasema. "Mimi nilikumbuka kulifunika tu. Kulifunua..."

Hakumaliza. Walisimama hivyo, watu wazima wawili na gunia moja. Halafu bega la shemeji likaanza kutikisika. Mzee akadhani analia. Akamtazama. Mama wa watu alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa, anacheka mpaka machozi.

"Nisamehe, shemeji. Nisamehe. Umetambaa saa nzima! Nimekusikia unagonga kichwa mara tatu!"

"Mara nne," mzee akasema. Naye kicheko kikampasuka kifuani, akashika ukuta.

Mama Cherehani akatoka na taulo lake. "Kuna nini cha kucheka huku? Mimi ndani nimeiva!"

Mzee akajifuta uso, akamweleza. Hakuficha. Alisema nimefunika jana, nikasahau kufunua, kosa ni langu, mashine imekosa hewa ikajizima yenyewe isiungue. Tuiache ipoe. Kama imeharibika, nitakuletea nyingine hata nikiuza kitanda.

Mama Cherehani aliliangalia gunia. Akamwangalia mzee. Akaliangalia tena gunia, kwa jicho la kazi.

"Fundi," akasema, "nyumba hii anayevalisha ni mimi. Na mtu nikimvalisha, huwa namwachia pa kupumulia."

Mzee akalitoa gunia mwenyewe. Hakujua pa kuanzia kulikunja, akaliviringisha kama mkeka. Walikaa kivulini wote watatu wakanywa maji. Baada ya muda mzee akamwaga maji kidogokidogo juu ya vile vibati, akavipuliza, akarudisha swichi. Mashine ikakohoa. Ikanyamaza. Mama Cherehani akashika taulo kwa mikono miwili. Mashine ikakohoa tena, ikashika, ikaanza kuunguruma sawasawa. Sebuleni shuka la gauni likapepea.

"Ahaa!" Mama Cherehani akapiga makofi. "Bibi harusi amepata pumzi!"

Njiani, shemeji alitembea hatua ishirini bila kuongea. Hizo ni nyingi kwake.

"Hatumwambii," akasema mwishowe.

"Nani?"

"Unamjua nani. Mashine imepona, mwenye nyumba amecheka, gauni kavu. Nani ameumia? Mimi mdomo nimeufunga."

"Mdomo wako?"

"Nimeufunga, nimesema!"

"Shemeji, mdomo wako haujawahi kufungwa hata na usingizi. Unakoroma kwa sentensi. Mwanangu ameniambia."

Shemeji akamchapa begani kwa kitambaa. Lakini mzee alikuwa ameshaamua. Angeweza kuificha, ndiyo. Angepanda kesho, na keshokutwa. Lakini kila atakapokanyaga ngazi angekuwa anapanda kwa wizi. Na kule juu ndiko mahali pake pekee. Hakutaka kuwa mwizi kwake mwenyewe.

Walimkuta binti anafunga duka la dawa, jua bado liko juu ya mapaa. Mzee hakusubiri hata kusalimiwa.

"Nimeharibu kazi ya mtu," akasema. Akamweleza, kwa maneno machache, mpaka mwisho.

Binti alisikiliza na funguo mkononi. "Mama ndiye aliyekuwa analitoa?"

"Miaka yote."

"Sikujua."

"Hata mimi sikujua. Nimejua leo."

Binti akageukia mlango, akauvuta kuona kama umefungika. Ulikuwa umefungika. Akauvuta tena.

"Baba, neno ni neno."

"Ndiyo, mama. Ngazi nitaileta kwako jioni."

"Hapana, hapana, hapana," shemeji akaingilia, na ule mdomo uliofungwa ukafunguka wote. "Ngoja. Wewe mtoto, ngazi imekosa nini? Ilianguka? Ilivunjika? Aliyepotea ni mtu wa chini. Basi hapa anatafutwa mtu wa chini, asiteremshwe wa juu!"

"Mama mdogo, mtu wa chini ni nani? Wewe? Wewe ukiona panya unapanda meza."

"Nitapanda ngazi basi, si iko karibu?"

Binti hakutaka kucheka. Akajitahidi. Pua ikamsaliti.

"Jumamosi," akasema. "Njooni mnisafishie kwangu. Nitakaa kwenye kiti niwatazame mwanzo mpaka mwisho. Nikiona sawa, sawa. Nikiona si sawa, baba, hakuna mjadala tena. Na usinitazame hivyo."

Jumamosi ikafika. Waswahili husema mganga hajigangi. Miaka sita binti alikuwa amepanga nyumba ile, na dari yake haikuwahi kufunguliwa na baba yake, mfungua dari za watu. Kiyoyozi chake cha chumbani kilikuwa kinalia kama paka aliyekanyagwa.

Binti aliweka kiti uani, akakaa, akakunja mikono. Mzee akazima swichi. Akalitoa gunia, akamnyooshea shemeji.

Shemeji hakulipokea.

"Wewe ndiye mtu wa chini," mzee akasema.

"Mimi nashika ngazi. Nitashika mpaka mikono iote magugu. Lakini gunia, shemeji, sichukui."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi si dada." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa sukari ya pili. "Nikilichukua, utaniachia. Mimi ni mtu wa kusahau, nimewahi kusahau sufuria ya uji wa wodi nzima. Halafu siku nikiondoka, je? Utatafuta mwingine wa kukufunulia? Lifunike wewe, ulifunue wewe. Kila siku mpaka mikono ijue."

Binti kwenye kiti alikuwa ameacha kukunja mikono.

Mzee akainama, akalifunika mwenyewe. Akapanda.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa na kelele. Shemeji alishika ngazi kwa mikono miwili na kwa mdomo. Polepole! Mguu wa kushoto! Umekula? Hicho ni nini? Usikitupe huku! Kitu kimoja kilianguka karibu naye, jani lililokauka lenye kikonyo kama mkia, akapiga ukelele uliotoa majirani wawili nje, lakini ngazi hakuiachia. Binti aliliona hilo. Alikuwa anatazama mikono ya mama yake mdogo, si mdomo wake.

Viroba sita vilishuka. Mjusi mmoja alishuka kwa miguu yake. Mzee akapiga msumari wa mwisho, akashuka. Akapiga hatua mbili kuelekea bombani kunawa. Akasimama. Binti kwenye kiti akavuta pumzi. Shemeji akatazama mawinguni, akajikohoza, akajizuia, shingo ikamvimba.

Mzee akageuka, akarudi, akalitoa gunia. Akalikung'uta. Akalikunja mara tatu, likawa na pembe kama sambusa, akalitia kapuni hivyohivyo.

"Haya," akasema. "Kazi imeisha."

"Nani amesema imeisha?" Binti alikuwa ameshainuka. "Mimi ndiye mteja. Nitakagua."

"Kagua."

"Nakagua na huko juu."

Mzee akacheka. Akaona binti hatanii. Binti alikuwa ameshavua viatu, amepandisha sketi kidogo, mkono kwenye ngazi.

"Wewe? Hujawahi kupanda hata kitanda cha juu!"

"Shika ngazi, baba."

Akashika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuishika ngazi mtu akiwa juu yake. Alidhani ni kazi ya kusimama tu. Kumbe ngazi inaongea. Kila hatua ya binti ilikuja mikononi mwake, ikashuka mpaka magotini. Alitazama juu, akaona nyayo mbili tu na visigino, zinapanda, zinakuwa ndogo. Binti akafika kwenye uwazi. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega.

"Inatosha," mzee akaita. "Umeona. Shuka."

"Bado."

"Shuka, mama. Mguu wako wa kulia uko pembeni."

"Niko sawa!"

"Hauko sawa! Nauona!"

"Baba, huku ni pazuri! Kuna vimwanga, kila tundu la msumari lina kijiti chake cha mwanga! Mbona hukuwahi kuniambia?"

Mikono ya mzee ilikuwa imeng'ang'ania ngazi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Ukiwa juu unaona kazi. Ukiwa chini unaona mtu wako anavyoweza kuanguka. Miaka thelathini na minne mkewe alisimama hapa, siku kwa siku, na akapata nguvu ya kupiga soga na kudai chungu chake kiko motoni. Hakulalamika hata mara moja. Au alilalamika, yeye akadhani ni utani.

"Shemeji," mzee akanong'ona, "hivi ndivyo inavyokuwa?"

"Nini?"

"Huku chini."

"Ndivyo. Wewe ulidhani tunapiga kelele kwa kupenda?"

Binti alishuka akiwa na utando wa buibui kichwani na vumbi puani. Miguu ilipogusa ardhi, mzee alimshika mkono, hakuuachia haraka.

"Kuko safi," binti akasema. "Hata mimi nisingepata cha kusema, na mimi kusema napata."

"Mimi nina la kusema," mzee akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Si kawaida yake.

"Nyumba za ghorofa sipandi tena. Hizo za chini, ndiyo. Mvua ikinyesha, sipandi. Na shemeji akiwa hayupo, sipandi."

Binti alifungua mdomo. Alikuwa na masharti yake mwenyewe, ameyapanga tangu Jumatano. Akayatafuta, akakuta yote yamesemwa.

"Na dari ya kwangu?" akauliza.

"Ya kwako kila baada ya miezi mitatu. Nimeona aibu."

"Mimi je?" shemeji akadakia. "Hakuna anayeniuliza mimi? Nilikuja kwa wiki mbili!"

"Basi nenda," mzee akasema.

"Niende wapi, na Jumatatu mmeshaniweka kazini?" Akajifungua kitambaa, akakikung'uta, vumbi likawarukia wote. "Jumatatu ni kwa nani?"

"Kwa kinyozi. Anasema kiyoyozi chake kinapuliza nywele."

"Nywele za nani?"

"Ndicho tunachokwenda kujua," mzee akasema, akaitia ngazi begani. Binti akashika upande wa nyuma bila kuambiwa, wakatoka uani, mzee mbele, binti nyuma, na shemeji pembeni akiwaelekeza njia waliyoijua wote.